Swali la Sita

Saa saba usiku, Davenport, Aprili.
Theluji ya mwisho inayeyuka juu ya gari la Renske
na mimi niko jikoni, chini ya ardhi,
bomba la maji moto likikoroma kichwani pangu.
Uti wa mgongo wa plastiki umening'inia kwenye kitasa cha kabati
kama koti la mgeni aliyesahau kuondoka nalo.
Mtihani ni saa mbili asubuhi.

Nahesabu kwa kidole kuanzia shingoni:
saba, kumi na mbili, tano.
Pingili, kama za bua la mahindi,
na hapa Iowa mahindi yanaanzia pale lami inapoishia.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nimeinama tangu Januari;
sasa kiuno changu ndicho kinachonitahini.

Renske amesinzia kwenye kochi, kadi zimemlalia kifuani.
Nadharia ya kwanza: mfupa unateguka kidogo, kidogo mno,
unaikanyaga neva kama mtu anayekanyaga mpira wa bustani,
na habari za ubongo zinafika kwenye ini zimechoka.
Ya pili: hakuna aliyekanyagwa.
Neva ni jirani mwenye hasira,
ukikohoa tu, anagonga ukuta.
Ya tatu: utando unavutwa, unajisokota
kama soksi ndani ya kiatu.
Ya nne nimeisahau.
Ya nne huwa naisahau.

Kwa yale mambo matano nimejitungia ubeti:

*Pingili inapokwama, mwendo wake hukatika,*
*neva nayo hulalama, misuli ikakazika,*
*damu yake hutuama, uvimbe ukainuka,*
*kemikali zikazama, na mimi nimeshachoka.*

Kipande cha mwisho hakimo kwenye mtihani.

Kilichomo ni swali la sita,
mfupa uliomshinda fisi.
Dakta Tollefson alitutangazia mapema, bila kuficha:
elezeni nadharia, kisha elezeni ushahidi,
unaoibeba na unaoiangusha.
"Picha moja ya eksirei," alisema, "wape wasomaji watatu.
Watakuonyesha mifupa mitatu tofauti
na kila mmoja ataapa."
Wawili walibeba mikoba yao wakatoka.
Mimi nilikubali, shingo upande,
na Renske akaninong'oneza:
"Hiyo nayo ni mteguko."

Nilicheka. Kisha nikamkumbuka bibi.

Bibi Alvina, wa Tipton, mjane,
kila Alhamisi aliendesha gari maili kumi na nane
kwenda kwa tabibu wa mgongo.
Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni, na peremende.
Alivua miwani, akalala kifudifudi
kwenye kitanda cha ngozi ya kijani iliyopasuka.
Kiganja kimoja chini ya fuvu, kingine begani.
Halafu ko! kama kijiti kikavu.
Aliinuka akisema sasa rangi anaziona vizuri,
hata kijani cha kile kitanda.

Babu alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja.
Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilipiga hesabu:
wiki nzima, jikoni, kanisani, dukani,
ni mikono ile tu iliyomgusa.

Hili limo katika nadharia ipi?
Nimepekua kadi zote sitini na nane.
Nikiliandika, Tollefson atalipigia mstari mwekundu
na atakuwa na haki: si ushahidi, ni bibi yangu.
Nisipoliandika, basi nitakuwa nimempa mgongo
mtu aliyenilipia muhula wa kwanza
kwa pesa za kuuza trekta.

Saa kumi na moja. Treni ya nafaka inapita kando ya mto,
na uti wa plastiki unatetemeka wote,
kuanzia juu hadi kwenye kitonoko,
bila kuteguka popote.
Renske anaamka. "Ya nne ni ipi?"
"Sijui."
Anakuja nyuma yangu, anaweka kidole gumba chini ya fuvu,
pale tulipofundishwa, anaitafuta pingili ya kwanza.
Haminyi. Anauacha mkono hapo.
"Shingo baridi hivi," anasema. "Umekaa vibaya."

Nakaa vizuri.
Nafungua daftari, ukurasa mtupu,
naandika juu: *Swali la sita*,
na nukta mbili.